Samuel Crowther, Mtumwa Aliyekuwa Askofu

1. Mji wa Osogun

Upande wa magharibi wa Afrika iko nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Ni nchi ya mashamba na miji mikubwa, na watu wake tangu zamani ni hodari wa kulima, kufanya biashara na kufuma nguo. Hapo kale palikuwa na mji mmoja katika nchi hiyo ulioitwa Osogun, nao ulizungukwa na boma. Katika mji huo, yapata mwaka wa 1809, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Ajayi. Jina hilo Wayoruba humpa mtoto azaliwaye uso wake umeelekea chini. Baba yake alikuwa mfuma nguo, na mama yake aliitwa Afala.

Siku zile hapakuwa na amani katika nchi ya Wayoruba. Ufalme mkubwa wa Oyo ulikuwa ukivunjika, na majeshi yalikwenda huku na huku yakivamia miji ili kuteka watu na kuwauza. Pwani merikebu za Wazungu zilikuwa zikingoja, tayari kuwachukua watumwa ng'ambo ya bahari hata Brazil na Cuba. Kwa hiyo aliyelala salama usiku hakujua kama ataamka salama.

Asubuhi moja ya mwaka wa 1821 wanawake wa Osogun walikuwa wakipika chakula, mara sauti ikasikika kwamba adui wamefika. Wanaume wakashika silaha wakatoka, lakini boma lilikuwa refu na watu wa kulilinda walikuwa wachache. Baba yake Ajayi akarudi mbio nyumbani, akawaambia jamaa zake wakimbie, kisha akageuka akaenda tena vitani. Ajayi hakumwona tena baba yake tangu saa ile.

Mama akambeba mtoto mchanga mgongoni, akawashika wale wengine, wakaingia vichakani. Hawakufika mbali. Wakakamatwa, wakatiwa kamba shingoni, wakafungwa pamoja kama mbuzi waendao sokoni. Walipotazama nyuma waliona moshi, kwa kuwa mji wao ulikuwa ukiteketea. Ajayi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi.

2. Kutoka mkono hata mkono

Mateka walipofika mji wa Iseyin waligawanywa kama ng'ombe. Mama akapewa huyu, watoto wakapewa yule. Ajayi akabadilishwa kwa farasi mmoja. Baada ya miezi michache farasi huyo hakumpendeza aliyempokea, akamrudisha, na mtoto naye akarudishwa kwa bwana wake wa kwanza, kama mtu arudishavyo dukani kitu asichokitaka. Kwa muda kidogo Ajayi akabahatika kukaa karibu na mama yake tena. Kisha siku moja akauzwa, akachukuliwa ghafula, wala hakupata nafasi ya kumwaga.

Tangu hapo alipita katika mikono ya mabwana wengi. Safari hii aliuzwa kwa nguo, safari ile kwa tumbaku na pombe kali. Jambo alilolihofu kuliko yote ni kuuzwa kwa Wareno, kwa maana waliochukuliwa na Wareno hawakurudi. Akaacha kula, akadhoofika, na usiku alitamani kufa. Lakini hakufa. Mwishowe akafikishwa Lagos, mji ambao wenyewe huuita Eko, na huko Wareno wakamnunua.

Watumwa wakatiwa katika nyumba moja, wanaume na wavulana pamoja, na mnyororo mmoja mrefu ukapitishwa katika shingo za wote na kufungwa kwa makufuli. Wakati wa kulala ulikuwa mbaya kuliko wakati wowote. Wanaume wenye nguvu waliuvuta mnyororo upande wao ili wapunguziwe uzito, na shingo ndogo za wavulana zikachubuka. Hivyo hata waliopatwa na shida moja waliumizana.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1822 wakapakiwa katika merikebu, watu 187, ikatweka tanga. Walakini haikufika mbali. Waingereza walikuwa wamekataza biashara ya watumwa kwa sheria ya mwaka wa 1807, na manowari zao zilikuwa zikizunguka pwani ile kuzikamata merikebu za watumwa. Siku ya pili manowari mbili, Myrmidon na Iphigenia, zikaifuata merikebu ya Wareno na kuikamata.

Wale watumwa hawakujua kwamba wameokolewa. Walidhani wamepata bwana mwingine tu, tena labda mbaya zaidi. Wavulana walipopandishwa katika manowari waliona nyama imetundikwa, na karibu yake chungu ya vitu vyeusi vya mviringo. Wakatetemeka, wakafikiri ya kuwa wenzao wamekwisha kuchinjwa na vile ndivyo vichwa vyao. Walipopata ujasiri wa kusogea wakaona kwamba nyama ni ya nguruwe na vile vyeusi ni risasi za mizinga. Ndipo hofu ikaanza kuwatoka kidogo kidogo.

3. Jina jipya

Tarehe 17 Juni 1822 Ajayi alishuka pwani ya Sierra Leone. Waingereza walikuwa wamefanya mji huko, Freetown, maana yake Mji wa Uhuru, kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru. Miaka hamsini na zaidi baadaye Chama cha Wamisionari cha C.M.S. kilifanya kijiji cha namna hiyo hiyo katika Afrika ya Mashariki, karibu na Mombasa, kikaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere.

Sasa Ajayi alikuwa huru, lakini tuangalie alikuwa na nini. Baba hana, mama hajui aliko, mji wake umekuwa majivu. Waliomzunguka walitoka katika makabila mengi na kusema lugha asizozijua. Aliyewekwa huru hivi aweza kubaki amepotea, maana kufunguliwa minyororo si sawa na kupata kwao.

Ajayi akapelekwa katika kijiji cha Bathurst, chini ya ulinzi wa wamisionari. Akafundishwa useremala, akapenda kazi hiyo. Akafundishwa na kusoma, na kwa muda wa miezi sita aliweza kukisoma kitabu cha Agano Jipya. Katika kitabu hicho alikuta habari za Mungu asiyegeuka, aliye Baba wa yatima, na za Mwana wake aliyekamatwa, akafungwa, akauawa pasipo hatia, kisha akafufuka. Mvulana aliyewahi kufungwa kwa mnyororo alizielewa habari hizo kwa namna yake. Akaamini kwamba tangu siku ya Osogun hakuwa peke yake hata mara moja.

Tarehe 11 Desemba 1825 akabatizwa, akachukua jina la Samuel Crowther, ambalo ni jina la kasisi mmoja wa London aliyekuwa rafiki wa C.M.S. Lakini jina la Ajayi hakulitupa. Alikuwa Mkristo, tena alikuwa Myoruba, wala hakuona kwamba moja lalifuta jingine.

Mwaka wa 1826 alipelekwa Uingereza kusoma miezi michache. Alipokuwa amerudi, mwaka wa 1827, C.M.S. walifungua chuo huko Fourah Bay, naye akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa. Kisha akawa mwalimu. Akamwoa Asano, aliyebatizwa Susan, binti Myoruba ambaye naye aliokolewa katika utumwa na kukulia Sierra Leone. Hao wawili, wasio na jamaa, wakafanya nyumba yao wenyewe, na Mungu akawapa watoto.

Mwaka wa 1837 Samuel aliandika habari za kutekwa kwake. Alieleza kwamba siku ile ilikuwa siku ya msiba, walakini kwa upande mwingine amefundishwa kuiita siku ya heri, kwa kuwa ndiyo iliyomtoa kwao na kumleta mahali alipomjua Kristo. Asidhani mtu kwamba aliusifu utumwa. Uovu ni uovu, naye maisha yake yote alipigana na biashara ile. Bali alijifunza kwamba Mungu aweza kuvuna mema hata katika shamba lililopandwa na adui.

4. Njia ya kurudi

Mwaka wa 1841 Waingereza walituma merikebu tatu kupanda mto Niger, ili kufanya mapatano na wafalme, kupinga biashara ya watumwa na kuzisaidia biashara za halali. Samuel Crowther alichaguliwa kwenda nazo, pamoja na mmisionari aliyeitwa Schön. Safari ile ilikuwa ya huzuni. Homa iliwashika Wazungu, wakafa wengi kwa muda mfupi, na merikebu zikarudi. Wengi walisema mlango wa Niger umefungwa. Crowther na Schön waliona neno jingine: ikiwa Injili itaingia katika nchi hizo, yapasa ichukuliwe na Waafrika wenyewe, kwa lugha zao wenyewe.

C.M.S. wakamwita tena Uingereza, na mwaka wa 1843 akawekewa mikono na Askofu wa London, kwanza kuwa shemasi, kisha kasisi. Aliporudi Freetown akafanya ibada kwa Kiyoruba. Watu waliokombolewa utumwani, ambao miaka mingi walikuwa wakimsikia Mungu akisemwa kwa lugha ya wageni, sasa wakamsikia akisemwa kwa lugha ya mama zao.

Mwaka wa 1845 yeye na wenzake wakafika Badagry katika pwani ya Wayoruba. Vita na mambo ya nchi vikawazuia huko zaidi ya mwaka mmoja. Crowther hakukaa bure. Alifundisha, alihubiri, akaendelea na kazi ya kuitafsiri Biblia. Hata mwezi wa Agosti mwaka wa 1846 njia ikafunguka, wakaingia mji mkubwa wa Abeokuta.

5. Mama na mwana

Afala, mama yake Ajayi, alikuwa bado hai. Miaka ile yote alikuwa amepata taabu nyingi, akitekwa na kuuzwa tena, mpaka watoto wake wa kike walipomkomboa. Alikuwa akikaa katika mji usio mbali na Abeokuta. Akasikia kwamba mwanawe amerudi, lakini hakuweza kusadiki.

Tarehe 21 Agosti 1846 akaja Abeokuta. Alipomwona Samuel alitetemeka mwili mzima. Wakakumbatiana, wakatazamana, na kwa muda hapakuwa na aliyeweza kusema neno. Machozi yaliwatoka wote wawili. Kijana aliyeondoka na kamba shingoni sasa alikuwa mtu mzima, kasisi, baba wa watoto, na kati ya siku ile na siku hii ilikuwa imepita miaka ishirini na mitano.

Mama akakaa kwa mwanawe. Tangu utoto Afala alikuwa ameshika dini ya wazee wake, na Samuel hakumharakisha. Alimfundisha taratibu, kama alivyowafundisha wengine waliotaka kubatizwa, naye mama akajifunza mwaka mmoja na zaidi. Tarehe 5 Februari 1848 akabatizwa na mwana wake mwenyewe katika kundi la wabatizwa wa kwanza wa Abeokuta. Akaitwa Hannah. Wasomaji wa Biblia wajua kwa nini: Hana ndiye mama yake nabii Samweli, aliyemwomba Mungu mtoto, akampata, akamtoa kwa Bwana.

Siku hizo Crowther alikuwa akiandika Biblia kwa Kiyoruba. Hakutosheka na maneno aliyoyakumbuka tangu utoto. Aliwasikiliza wazee, aliandika methali zao, alitafuta neno lililo sahihi, lisiwe gumu kwa mkulima wala la aibu mbele ya mfalme. Alitunga kamusi na kitabu cha sarufi. Kazi ya Biblia, aliyoifanya pamoja na wenzake, ilichukua miaka mingi, ikakamilika katika miaka ya 1880. Na hata leo lugha ya Kiyoruba ya vitabuni ina alama ya mkono wake.

6. Askofu

Mwaka wa 1854 alipanda tena mto Niger katika merikebu iitwayo Pleiad. Safari hii mabaharia walikunywa dawa ya kwinini kila siku, wala hakufa mtu kwa homa. Mwaka wa 1857 akasaidia kuanzisha kazi ya Injili katika mji wa Onitsha, ambako mhubiri wa kwanza alikuwa Mwafrika, kasisi J. C. Taylor, ambaye wazazi wake Waigbo walikuwa watumwa waliowekwa huru.

Huko London mwandishi mkuu wa C.M.S., Henry Venn, aliona kwamba Kanisa la Afrika lapasa kuongozwa na Waafrika, na kwamba mtu wa kuanza naye ni Crowther. Crowther mwenyewe alikataa kwanza, akiona kwamba hastahili. Baadhi ya wamisionari Wazungu katika nchi ya Wayoruba nao hawakupenda kuwekwa chini ya Mwafrika. Lakini Venn alimsihi, naye mwishowe akakubali kwa utii.

Tarehe 29 Juni 1864, katika Kanisa Kuu la Canterbury, Samuel Ajayi Crowther akawekwa wakfu kuwa Askofu, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika Kanisa la Uingereza. Watu walijaa kanisani. Miongoni mwao alikuwapo mzee mmoja wa bahari, Sir Henry Leeke, ambaye miaka arobaini na miwili kabla yake alikuwa nahodha wa manowari Myrmidon. Alikuwapo pia bibi mjane wa Askofu Weeks, aliyemfundisha Ajayi kusoma alipokuwa mvulana aliyetoka utumwani. Mmoja alimtoa katika minyororo, mwingine alimtia kitabu mkononi, na siku hiyo wote wawili wakaona matunda ya kazi yao.

Miaka ishirini na mitano akazunguka katika mto Niger na kwenye midomo yake, akipanda makanisa na shule. Hatari hazikuisha. Mwaka wa 1867 mkuu mmoja karibu na mji wa Idah alimkamata akataka malipo makubwa kwa ajili ya kumfungua. Mtu aliyewahi kuwa mtumwa akawa mfungwa tena katika uzee wake. Akaokolewa, lakini katika kukimbia mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuja kumsaidia akapigwa mshale wenye sumu, akafa. Askofu alihuzunika sana, kisha akarudi kazini.

7. Jaribu la mwisho

Jaribu lililomchoma kuliko mengine halikutoka kwa maadui. Venn alikufa mwaka wa 1873, na baada yake fikira za wengi zikageuka. Karibu na mwaka wa 1890 walikuja Niger vijana wamisionari kutoka Uingereza, wenye bidii nyingi na uvumilivu mchache. Wakawashutumu watumishi Waafrika. Ni kweli kwamba baadhi ya watumishi hao walikosa, lakini wengi walihukumiwa na kuondolewa pasipo kusikilizwa vema. Katika baraza lililokutana Onitsha mwezi wa Agosti 1890, Askofu, mzee wa miaka themanini, alishindwa na watu ambao kwa umri wangeweza kuwa wajukuu wake. Akajitoa katika baraza lile.

Angeweza kusema kwamba imani aliyopewa na Wazungu haina maana, kwa kuwa Wazungu wamemdhulumu. Hakusema hivyo, maana imani yake haikuwa imesimama juu ya Wazungu. Alijua tangu Bathurst kwamba msingi wake ni mwingine. Hakuliacha Kanisa, wala hakuacha kuwatetea watu wake. Alishirikiana na Wakristo wa midomo ya Niger, walioazimia kuyalipia makanisa yao wenyewe na kujiongoza wenyewe. Katikati ya mashauri hayo akapata kiharusi, na tarehe 31 Desemba 1891, siku ya mwisho ya mwaka, akafa Lagos, mji ule ule alikofungwa mnyororo alipokuwa mtoto.

Baada yake alichaguliwa askofu Mzungu, na ilipita zaidi ya miaka hamsini kabla Mwafrika mwingine hajapewa kuongoza jimbo huko. Lakini mwaka wa 2014, miaka mia na hamsini baada ya siku ile ya Canterbury, ibada ya shukrani ilifanywa katika Kanisa Kuu lile lile, na Askofu Mkuu wa Canterbury akakiri mbele ya watu kosa alilotendewa Crowther, akaomba msamaha. Haki ilichelewa, lakini ilifika.

Katika maisha yake Ajayi aliondolewa kila kitu ambacho mtoto hukitegemea: baba, mama, nyumba, mji na hata thamani ya utu wake, akapimwa kwa farasi na kwa tumbaku. Baadaye alipewa mambo makubwa, na mengine akanyang'anywa tena. Mahali palibadilika, mabwana walibadilika, rafiki walibadilika. Yeye alishika jambo moja lisilobadilika, na kwa sababu hiyo hakupotea. Mti wenye mizizi mirefu hutikiswa na upepo kama miti mingine, lakini upepo ukipita huonekana umesimama palepale.

Maswali

1. Ajayi alikamatwa namna gani, na alitengwaje na mama yake?
2. Kwa nini wavulana waliogopa walipopandishwa katika manowari?
3. Eleza kwa nini mama yake aliitwa Hannah.
4. Watu gani wawili wa siku za utoto wake walikuwapo Canterbury mwaka wa 1864?
5. Jaribu la mwaka wa 1890 lilikuwa gani? Kwa nini halikumvunja imani?